Mikono mikavu ya Mama Masika

Saa kumi na mbili asubuhi, Ziwa Kivu likiwa bado limejifunika ukungu, Masika Ernestine anasimama mbele ya mlango wa bati wa depo, ghala la dawa ya maji, huko Kyeshero mjini Goma, na kunusa viganja vyake. Ananusa cha kulia, kisha cha kushoto, kama mpishi anayekagua nyama iliyolala. Halafu anatoa mfukoni kipande cha karatasi nyeupe, anakisugua kwa vidole vyote kumi na kukiinua kwenye mwanga.

Karatasi haina doa. Ndipo anaushika ufunguo uliofungwa shingoni mwake kwa utepe wa kitenge na kufungua kufuli.

"Kama kuko doa ya mafuta, siingie," anasema. "Hata kama ni mimi chefu wa depo. Ninarudia sabuni."

Kila anayevuka kizingiti hicho hupimwa kwa karatasi. Mwandishi wa simulizi hii, aliyejipaka losheni hotelini bila kuwaza, alirudishwa kwenye sabuni mara mbili. Mara ya tatu akapita, tena kwa kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Nyuma ya mlango zimepangwa juu ya matofali ndoo kumi na sita za klorini ya unga, kila moja kilo arobaini na tano. Unga huu, ukiyeyushwa kwa kipimo, ndio unaoua vijidudu vya kipindupindu ndani ya bidoni, yale madumu ya manjano ambayo wakazi wa Kyeshero na Katoyi huja kuyajaza ziwani kila siku. Kila bidoni inapojaa, mfanyakazi huitilia dawa kidogo kwa bomba la sindano, na mwenyewe huambiwa asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Bila unga huo, maji haya ni kuhara na matanga. Na unga huohuo, ukishikwa vibaya, unaweza kuteketeza chumba chote na waliomo.

Nje, kando ya mlango, zimesimama bidoni ishirini na tatu zilizojaa maji. Hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Foleni iwe ndefu namna gani, pampu iharibike isiharibike, bidoni hizo hubaki palepale, na kila Jumatatu Masika hubadilisha maji yake kwa mkono wake mwenyewe. Ishirini na tatu, si ishirini na mbili wala ishirini na nne. Sababu yake ndiyo simulizi yenyewe.

Masika ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na majirani wamempachika jina: Mama wa mikono mikavu. Katika mji ambao mwanamke hatoki nyumbani asubuhi kabla hajang'aa kwa mafuta, yeye hutoka na mikono iliyopauka kama ya mtu aliyekuwa akizoa majivu. Wanawake wa foleni humtania, naye hawaachi bila jibu.

"Baniulizaka, Mama Masika, bwana gani atakuoa na mikono ya mamba?" anasema. "Ninabajibu, bwana ataoa roho. Mikono ataizoea tu."

Anacheka, lakini leo kicheko chake hakifiki machoni. Saa nne watakuja wafanyakazi wapya saba kujifunza kushika klorini, na pamoja nao atakuja Gauthier, msimamizi wa vituo vya maji vya shirika linalowaajiri. Mbele ya Gauthier huyo, Masika ameamua kusema jambo alilolificha miaka miwili.

Akilisema, ufunguo wa shingoni huenda ukatoka. Asipolisema, mzee mmoja wa Katoyi atakufa na aibu isiyo yake.

"Utaandika yote, na jina yangu utaandika," anamwambia mwandishi. "Lakini ungoje kwanza niseme mbele yabo. Haiko muzuri batu basome kwa gazeti kabla Muzee hajapata haki yake."

*

Masika ni mzaliwa wa Butembo, binti wa wakulima wa viazi wa kabila la Wanande. Alikuja Goma kwa ndoa. Mumewe, Fortunat, alikuwa akipakia maharage Rutshuru na kuyauza mjini, mpaka siku lori lilipopinduka, likamuua na kumwachia Masika watoto watatu na magunia mawili ambayo hayakufika sokoni.

Aliuza makala, yaani mkaa. Miaka minne alikaa barabarani akiyapanga kwa mafungu madogo madogo, na vumbi lake jeusi likamwingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya viganja, hata kwenye ugali aliowasongea wanawe. Kanisani alikuwa akificha mikono chini ya kitenge wakati wa kupeana amani.

Ndipo akasikia kwamba pale ufukweni wanatafuta wanawake wa kutia dawa kwenye bidoni, kwa dola tano kwa siku. Alipopokea mshahara wa kwanza hakununua nyama. Alinunua chupa ya gliserini.

"Nilisema, Masika, miaka ine umekuwa na mikono ya makala," anakumbuka. "Sasa Mungu amekupatia kazi ya maji. Mikono nayo ipumzike."

Asiyewahi kuficha mikono kanisani asimcheke. Kila asubuhi aliichanganya ile gliserini na maji ya ndimu katika kopo dogo jekundu la plastiki, kama wanavyofanya wanawake wengi wa Goma, na kujipaka hadi viwikoni. Wenzake walimsifu, na sifa ni tamu hata kwa mjane.

Aliyemfundisha kazi ni Muzee Cyprien, mtu wa vilima vya Masisi, aliyekuwa mtunza depo kwa miaka kumi na moja. Cyprien alizaliwa kwa wachungaji wa ng'ombe, akakimbia vita, akaishia kuchunga ndoo. Alizungumza kwa upole na hakurudia neno.

Siku ya kwanza alimwonyesha picha iliyobandikwa kwenye ndoo: mwali wa moto uliosimama juu ya duara. Masika akadhani ni mbabula, lile jiko la makala, na akauliza kama unga huo hupikwa.

"Muzee alicheka mpaka akakaa chini," anasema Masika. "Kisha akaniambia, mama, hii haiwake yenyewe. Hii inapatia moto pumuzi. Moto wenye ungekufa, ikikutana na hii, unafufuka."

Maelezo ya mzee yalikuwa sahihi. Klorini ya unga haihitaji kiberiti ili ilete balaa. Ikigusana na petroli, mafuta ya kula, mafuta ya kujipaka, vumbi la makala au kitu chochote chenye asidi, inaweza kuchemka, kutoa moshi wa sumu na kuwaka. Kwa hiyo petroli ya pampu huwekwa kwenye kibanda chake, hatua arobaini kutoka depo. Unga huingizwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi juu ya unga. Na kipimio chake ni kimoja tu: cha plastiki, safi, kikavu, kisichofanya kazi nyingine yoyote duniani.

"Ni kama ngombe dume," Cyprien alimwambia. "Hana ubaya. Lakini usimushitushe nyuma."

*

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka miwili iliyopita, katikati ya kiangazi, wakati upepo wa ziwani unapasua midomo. Kipimio kilikuwa kimepasuka jana yake. Cyprien alimwambia Masika asipime kitu hadi aletewe kingine kutoka kituo cha jirani, kisha akateremka kuangalia pampu.

Foleni ilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Wengine walikuwa pale tangu saa kumi na moja. Dawa iliyochanganywa ilikuwa imekwisha, na watu walianza kuuliza kama wafanyakazi wamelala. Masika alivaa glavu, barakoa na miwani, yote kama alivyofundishwa. Akafungua ndoo. Halafu akakumbuka kwamba ndani ya mfuko wake kuna lile kopo jekundu.

"Nililipanguza na kitenge," anasema, na sauti yake inashuka. "Nikatazama ndani, nikaona imekauka. Gliserini haikaukake, ndugu yangu. Inajifanya tu."

Alichota mara mbili, akamimina kwenye beseni kavu. Mara ya tatu, alipokwisha kumimina, aliliacha kopo limesimama ndani ya unga wa beseni, akaenda mlangoni kuwaomba watu subira. Aliporudi aliona moshi mweupe mwembamba unapanda kutoka kwenye kopo, kama mvuke wa chai. Alisimama akiushangaa. Kisha kopo likatoa mlio kama wa kikaango na kushika moto.

Beseni lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye ndoo kumi na nne zilizojaa.

Masika alinyakua jagi la maji. Cyprien, aliyekuwa ameunusa moshi tangu kwenye pampu, alimkuta ameliinua. Alimshika mkono.

"Aliniambia, ao maji mingi, ao hapana hata tone," anasema. "Kisha akanisukuma inje."

Mzee alichukua jembe, akalinasa beseni kwa ukingo na kuliburuta likiwaka, akavuka nalo kizingiti hadi juu ya mawe meusi ya volkano, mbali na mlango. Upepo ulikuwa unamvumia usoni. Moshi wote ulimwingia yeye. Akiwa amepiga magoti, akikohoa, alinyoosha mkono kuelekea foleni na kusema neno moja: maji.

Yafaa msomaji aelewe alichokuwa anaomba. Bidoni moja ni saa tatu za kusimama. Ni ugali wa mchana, ni dawa ya mgonjwa, ni sare ya mtoto ya kesho. Hakuna aliyekuwa na deni na depo hiyo.

Wa kwanza alikuwa Kambere, msukuma chukudu, ambaye alikuwa amezifunga bidoni kumi juu ya ile baiskeli yake ya mbao tayari kwenda kuziuza Katoyi. Alikata kamba kwa kisu na kuzimwaga zote kumi. Nyuma yake wakaja wengine. Mama mmoja, ambaye hadi leo hakuna anayelijua jina lake, alikuja na mtoto mgongoni, akamwaga bidoni yake ya pekee, akarudi mwisho wa foleni bila kusema neno.

Bidoni ishirini na tatu. Masika alizihesabu baadaye, zikiwa tupu, zimelala juu ya mawe. Moto ulikufa. Hakuna ndoo hata moja iliyoguswa.

"Mutu asiponiona nikishukuru Mungu kwa maneno, aangalie zile bidoni," anasema. "Njo sala yangu, ndiyo hiyo."

*

Gauthier alifika alasiri hiyo na daftari. Cyprien alikuwa amekalishwa kwenye jiwe, uso umemvimba, anasubiri kupelekwa hospitali ambako angelazwa siku tisa. Gauthier aliuliza swali moja: nani alikuwa anapima?

Masika alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mzee alisema: "Ni mimi. Nilisahau."

Alimtazama Masika alipokuwa akisema hivyo, na Masika akafunga mdomo. Huo ndio mdomo anaoujutia hadi leo.

Cyprien alikuwa na miaka sitini na mitatu. Shirika lilimshukuru kwa barua fupi na kumwambia asirudi. Wiki mbili baadaye Masika alikwenda kumwona, akalia, akasema atakwenda ofisini kukiri. Mzee akamkataza.

"Alisema, mimi nimebakiza miaka kidogo, wewe uko na batoto batatu. Wakikufukuza, utarudia makala. Mukifa na njaa, hii kukohoa kwangu itakuwa ya bure."

Masika akatii. Akatia bidii kama mtu anayefukuzwa. Aliacha gliserini siku ileile. Alianzisha kipimo cha karatasi, ambacho hakikuwepo. Aliondoa vumbi, alihamisha mifuko, aliweka ndoano nje ili kila mtu aache alichokuja nacho. Ndani ya mwaka mmoja Gauthier alimkabidhi ufunguo pamoja na mshahara wa dola mia moja na sitini kwa mwezi. Arobaini na tano ni kodi ya nyumba, zilizobaki ni chakula na karo. Binti yake mkubwa, Charline, mwaka huu anafanya mtihani wa mwisho wa sekondari.

Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Masika hakupiga teke mtu, ila kila alipokwenda Katoyi kumwona mwalimu wake alihisi kwato miguuni. Mtaani walimwita Cyprien "Muzee wa moto", yule aliyetaka kuunguza maji ya watu. Lililomuumiza zaidi lilikuwa la nyumbani. Mke wa mzee, Annonciata, hakuwahi kuambiwa ukweli. Kila mumewe alipokohoa, mama huyo alitikisa kichwa akisema: "Njo malipo ya kusahau." Mzee alinyamaza na kuendelea kukohoa.

"Siku moja nilileta ndizi pale, nikasikia vile," anasema Masika. "Mama Annonciata alinipokea, akanipa kiti, akasema, wewe mutoto muzuri, haukumusahau huyu muzee muzembe. Sikulala."

*

Saa nne na dakika kumi, wapya saba wamekaa kwenye benchi chini ya turubai. Gauthier amesimama nyuma, mikono kifuani. Masika anawagawia karatasi nyeupe, anawaambia wasugue vidole. Karatasi sita kati ya saba zinaonyesha doa.

Anayezungumza kwanza ni Patricia, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye ngozi inayong'aa kama biringanya. Anaitazama karatasi yake kwa masikitiko.

"Mama, na kama ni mafuta kidogo tu? Ile ya kujipakaa? Mutu hawezi kutoka nyumba bila kujipakaa."

Masika anafungua mfuko wake, anatoa soksi ya mtoto, na ndani ya soksi anatoa kitu chekundu na cheusi kilichojikunja, upande mmoja ukiwa umeyeyuka kama mshumaa. Anakiweka mezani.

"Hii ilikuwa kopo," anasema. "Ya gliserini na ndimu. Mafuta kidogo tu."

Anawaeleza yote kwa utaratibu: kipimio kilichopasuka, foleni, kitenge, moshi. Nyuma, Gauthier ameshusha mikono.

"Mumesikia kama Muzee Cyprien njo aliunguza," anaendelea Masika. "Hapana. Kopo ni yangu. Muzee alikuwa amenikataza. Njo aliingia ndani ya moshi juu ya kuniokoa, akasema ni yeye, ili batoto yangu bakule. Mimi nikanyamaza miaka mbili."

Anauvua ufunguo shingoni. Utepe unanasa kwenye kilemba, inabidi auvute mara mbili. Anauweka mezani karibu na lile kopo.

Kutoka ufukweni inasikika pampu na mtu anayegombania zamu.

Gauthier anakuja mbele. Anauchukua ufunguo na kuutia mfukoni mwa shati. Anaitwa mtu mgumu, na uso wake asubuhi hii haumsingizii.

"Mama Masika, unajua nitaandika ripoti," anasema.

"Ninajua, chefu."

"Jina ya Muzee itatoka. Yako itaingia."

"Njo ninaomba."

Gauthier analitazama kopo. Kisha anaketi mwisho wa benchi pamoja na wanafunzi, na kusema: "Endelea na formasio."

Na Masika anaendelea na mafunzo. Anawafunza kupima, kukoroga, kusimama upande upepo unakotoka. Anawaambia unga uliomwagika haurudishwi kwenye ndoo. Anawapeleka kwenye zile bidoni ishirini na tatu na kuwaambia majina anayoyajua, kuanzia Papa Kambere hadi mama wa mtoto mgongoni, asiye na jina. Patricia anaomba sabuni kabla hajaambiwa.

Saa saba wanapotawanyika, Gauthier anautoa ufunguo mfukoni. Anasema hana mamlaka ya kuamua peke yake. Ofisi itakaa, itaamua, na huenda isiwe habari njema.

"Lakini leo magaribi mutu lazima afunge depo," anasema, akimnyooshea. "Na sijaona mwingine mwenye mikono mikavu."

Masika anaupokea kwa mikono miwili. Hadi simulizi hii inakwenda mitamboni, ofisi ilikuwa haijajibu.

*

Katoyi, saa kumi na moja jioni, depo ikiwa imekwisha fungwa. Muzee Cyprien na mkewe wanapukusa maharage kwenye ungo mbele ya nyumba yao ya mbao. Masika hakai. Anasema akiwa amesimama, amemwelekea Annonciata, na hasemi mengi: "Mama, Muzee hakusahau kitu ile siku. Ni mimi."

Inamchukua Annonciata muda kuelewa. Masika anamweleza tena, kopo, gliserini, swali la Gauthier. Mikono ya mama huyo inasimama ndani ya maharage. Anamgeukia mumewe.

"Miaka mbili ninakugombeza," anasema polepole. "Na wewe unanyamaza."

"Ulikuwa unagombeza muzuri," anajibu mzee. "Sikutaka kukukata."

Annonciata anacheka, na machozi yanamshuka katikati ya kicheko. Anamshika mumewe bega, analitikisa, hamwachii. Majirani wawili wamesogea kwenye ua. Anawaambia kwa sauti wasikie: "Muzee wa moto ni huyu hapa. Ni yeye njo aliuzima."

Cyprien anamtazama Masika kwa ukali wa kujifanya. "Nilikukataza kusema."

"Ulinikatazaka mambo mbili, Muzee," anasema Masika. "Yote mbili sikusikia. Ya kwanza ilikuharibu kifua. Ya leo, tutaona."

Hapo ndipo anakaa. Anakunywa chai, anaeleza mpango wake, na anaueleza kwa haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Akibaki na ufunguo au asibaki, anataka kila formasio mpya imwite Cyprien aje kufundisha. Nauli ya pikipiki ataitafuta. Mzee atakaa kwenye kiti, upande usio na upepo, awaambie vijana habari ya ng'ombe dume. Anataka jina lake liandikwe juu ya mlango wa depo, kwa rangi, na Kambere amekwisha ahidi kuleta ubao.

"Mimi Mungu amenipatia walimu na majirani kuliko nilivyostahili," anasema. "Hata wakinifukuza kesho, siwezi kusema nimekosa bahati. Makala ninayajua. Nitauza tena, lakini nitauza nikiangalia batu kwa macho."

Cyprien anakohoa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili mkewe hatikisi kichwa. Anamletea maji.

Kisha Annonciata anaingia ndani na kutoka na chupa ndogo ya gliserini. Anapiga magoti mbele ya mgeni wake, anaishika mikono ile iliyopauka na kuigeuza viganja juu. Masika anairudisha nyuma.

"Hapana, mama. Kesho kuko kazi."

"Kesho kuko sabuni," anasema Annonciata, na kummiminia viganjani.